Usimuulize shosho amebonyeza nini, uliza nani aliweka kitufe hapo

Wasee, leo sina utani mwingi. Shosho yangu alichukua mkopo wa 2,000 na hakujua amekopa.

Najua kuna mtu tayari anaandika "lakini si alibonyeza mwenyewe?" Tulia kwanza. Hata mimi nilimwambia hivyo hivyo kwa simu, tena kwa ile sauti yetu ya watu wa Nairobi wanaojua kila kitu. "Shosho, si nilikuonyesha?" Akanyamaza. Halafu akasema pole pole, "Mzee wangu, mimi sijaomba mtu pesa." (Ananiita mzee wangu kwa sababu nimebeba jina la guka.) Hayo maneno yamenikaa kichwani wiki tatu sasa.

Stori iko hivi. Shosho anaishi Kinangop, analima waru na ana ng'ombe wawili. Miaka yote amekuwa na kabambe, ile ya vitufe, chaji inakaa karibu wiki. Desemba nikajifanya mjukuu wa maana, nikamnunulia smatifoni. Nikamwekea apu moja ya kulipia stima na kununua bando, jina sitaji. Na kwa sababu sikutaka ahangaike, nikaiweka isimuulize nambari ya siri kila mara. Shika hapo, tutaparudia.

Siku moja anataka tokeni za stima. Anafungua apu. Kabla hajafika hata kwa stima, skrini yote inajaa: "Hongera! Pata 2,000 sasa." Chini yake kitufe cha kijani, kikubwa kama sahani. Chini zaidi, kwa maandishi madogo ya kijivu kama yamepaushwa na jua, "Baadaye". Shosho akaona hongera, akafikiri ni pesa ya maziwa imeingia. Akabonyeza. Zikaingia 1,800. Deni ni 2,000, siku 30.

Sasa liangalie hilo neno vizuri. Pata. Kwa nini hawakuandika "kopa"? Hilo neno tunalo, kutoka Kwale hadi Kinangop kila mtu analijua, na ukilisikia tu unashika mfuko. "Pata" ni neno la baraka. Mtu anapata mtoto, anapata kazi, anapata nafuu. Kuna msee alikaa mahali na maneno mawili mbele yake, akachagua lile ambalo halina deni ndani. Na masharti yenyewe? Hayo yalikuwa kwa Kiingereza. Karibu ni Kiswahili, hongera ni Kiswahili, riba ni Kiingereza.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu wengi wetu tunadhani dizaini ni rangi kali na kona za mviringo. Enyewe dizaini ni kuamua mtu aende haraka wapi, na asimamishwe wapi. Na hiyo kazi ina sayansi yake. Mwaka wa 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alipima jinsi mkono unavyofikia kitu. Kikiwa kikubwa na kikiwa karibu, unakifikia haraka. Kikiwa kidogo na mbali, unachelewa ama unakosea. Watu wa dizaini wanafundishwa hiyo kitu hadi leo. Mwongozo wa Android unataka mahali pa kubonyeza pasipungue milimita 9 hivi. Kwa hivyo kitufe cha kijani kukaa pale pale kidole gumba kinapoangukia, hiyo si bahati. Wala "Baadaye" kuwa kadogo si bahati.

Rangi pia. Viwango vya tovuti zinazofaa watu wote vinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa angalau 4.5 kwa 1. Sasa chukua kijivu juu ya nyeupe, toka nayo nje saa saba mchana, halafu kioo kiwe na ufa. Huoni kitu. Unaona kijani tu.

Hizi mbinu zina mpaka jina. Mtu wa dizaini wa Uingereza, Harry Brignull, alianza kuzikusanya mwaka wa 2010 na akazipa jina ambalo mimi kwa Kiswahili nalifanya mitego ya gizani. Kuingia rahisi, kutoka ngumu. Kukubali kwa herufi kubwa, kukataa kwa herufi za chungu. Ukishazijua utaziona kila mahali, pole sana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kabambe haikuwahi kumfanyia hivi. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilikaa ndani ya laini, kwenye menyu ya simu ya kawaida, bila intaneti. Hakuna rangi, hakuna picha, hakuna hongera. Unachagua, unaweka nambari, unaweka kiasi, unaweka PIN. Kila hatua ni swali moja. Shosho anaijua hiyo menyu kama njia ya kwenda mtoni, hahitaji hata kuisoma. Na kitufe cha 5 kwenye kabambe kina kauvimbe kadogo katikati, kidole kikipapasa kinajua kiko wapi. Nimemwona akituma pesa jikoni, moshi umejaa, macho yako kwa sufuria.

Kioo hakina kauvimbe. Tena skrini ya kugusa inategemea umeme kidogo unaopitia ngozi yako, na kidole kikavu, kilichopasuka kwa baridi ya Kinangop na udongo wa waru, wakati mwingine skrini haikihisi kabisa. Shosho anabonyeza mara ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Anakaza. Ya nne inashika, lakini kufikia hapo skrini imebadilika na chini ya kidole kuna kitu kingine. Halafu sisi tunacheka ati wazee hawajui simu.

Baadaye M-Pesa ikaongeza Hakikisha, kwamba kabla pesa haijatoka unaona jina la anayetumiwa. Ulikuwa unatumia Wanjiku, unaona Otieno, unasimama. Ni sekunde chache tu za kucheleweshwa. Na ukishakosea bado unaweza kupeleka ule ujumbe kwa 456 ujaribu bahati yako. Mtu aliyefikiria hivyo alijua kuwa wewe utakosea, kwa sababu ni binadamu, umechoka, uko kwa mathree umeshikilia chuma kwa mkono mmoja. Akakuwekea mahali pa kupumua.

Sisemi turudi 2007. Zile menyu za nyota zinakatika ukiwa umefika tu kwa PIN, unaanza upya kama mjinga. Na mimi mwenyewe napenda haraka. Bando nanunua kwa mibonyezo miwili na nikikosea nimepoteza shilingi 20, maisha yanaendelea. Lakini kumwingiza mtu kwa deni kusiwe rahisi kuliko kununua bando. Pale kosa linapouma, niulize mara mbili. Niulize kwa lugha ileile uliyonipongezea.

Na nikubali langu. Ile nambari ya siri niliyoizima ndiyo ilikuwa mlango. Kwa shosho, kuombwa PIN maana yake ni moja: pesa inatembea, amka. Nilipoitoa nikidhani namsaidia, nilimwondolea ishara pekee aliyokuwa anaijua. Hata baada ya kubonyeza, hakuna kitu kilimwambia "umekopa". Konda akigonga bodi, matatu nzima inajua kuna kitu kinafanyika. Hapa mtu ameingia deni na simu imetoa ka-mlio kale kale ka kila siku.

Kuna profesa anaitwa Donald Norman, mwaka wa 1988 alitoa kitabu kizima kuhusu vitu vya kila siku, milango ikiwemo. Hoja yake ni kwamba watu wakiendelea kuvuta mlango unaofaa kusukumwa, shida ni mlango. Unajua ile milango ya vioo ina mkono mrefu wa kuvuta, halafu imeandikwa "Sukuma"? Kila mtu anavuta, kila mtu anaona aibu, na aliyeuchora yuko kwake analala vizuri. Aibu ndiyo inawalinda. Shosho hakuniambia kuhusu hiyo pesa siku nne nzima kwa sababu aliona aibu. Nilijua tu baada ya ujumbe wa kwanza wa kumkumbusha deni kuja na akamwomba jirani amsomee.

Na msiniletee ile ya "angesoma masharti". Wewe umesoma ya nani? Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inasema mtu akikubali data yake itumike, kukubali kwake kuwe wazi, kwa hiari, akiwa amefahamishwa. Kama tunadai hivyo kwa data, kwa nini kwa deni tuseme amebonyeza yamekwisha?

Nawajua wengi wenu mnasomea kompyuta, ama mnajifunza dizaini kwa video usiku mkitumia bando la ofa. Tafadhali, kabla hujaambia watu apu yako iko tayari, toka nayo. Peleka kwa stage. Mpe mama mboga, jua linawaka, mikono ina maji ya sukuma, na usimwambie chochote. Nyamaza tu uangalie. Akikwama, usimwelekeze. Andika pale alipokwama, urudi nyumbani ukarekebishe. Najua inauma, kwa sababu nimefanya na kazi yangu na nilitaka kumnyang'anya simu.

Deni shosho alilipa mwenyewe. Nilimwambia nitalipa, akakataa, akauza waru. Wikendi iliyopita nilienda ocha kuitoa hiyo apu. Tukaketi nje, yeye anachambua maharagwe, mimi natafuta pa kufungia akaunti. Mipangilio. Wasifu. Msaada. Maswali yanayoulizwa sana. Tuma ombi. Chagua sababu. Una uhakika? Tutakukosa. Bonyeza hapa kubaki, kijani, kikubwa. Dakika 11, na mimi ni mtu ambaye simu ndiyo ofisi yangu. Shosho aliangalia mpaka mwisho, akauliza, "Kwani mimi niliingilia wapi?"

Smatifoni sasa inakaa kabatini, inatoka Jumapili tu tukipigiana simu ya video. Kabambe imerudi kwa mfuko wa aproni. Ombi la kufunga akaunti bado "linashughulikiwa", na leo asubuhi amepata ujumbe mwingine. Hongera, pata 3,000 sasa.