Kipande cha Nne

Na Mwinyi Kombo

Karamu ya walima niliyoalikwa huko Adu juma lililopita ilikuwa ya heshima, wala sina kinyongo na waliotualika, illa kwa jambo moja ambalo nimelala nalo na kuamka nalo, nalo ni dhulma aliyofanyiwa, hadharani na kwa bashasha, mwalimu mmoja mstaafu aliyeketi nami kwenye sinia moja.

Mwalimu huyu, baada ya kuambiwa na tabibu kwamba ana maradhi ya sukari, alitenda jambo ambalo wengi wetu hulinuia kila Ramadhani na kulisahau siku ya Idi: aliacha mahamri (mbaazi akazibakisha, na katika hilo namwunga mkono), akapunguza wali, akawa akitembea kwa miguu kila alfajiri, hata mwaka ulipotimia alikuwa amepungua frasila nzima, yaani kama kilo 16, na kanzu yake ikabidi irejeshwe kwa fundi. Fundi naye, sijui kwa busara au kwa ufidhuli, hakukikata kitambaa kilichozidi. Alikikunja kwa ndani akakishona, akisema kwamba kitakuja hitajiwa.

Basi pale siniani mwenyeji wetu akawa akimsogezea vipande vya nyama, cha kwanza kwa mapenzi, cha pili kwa kiapo, cha tatu kwa kumwuliza mbele ya watu kama amepatwa na yale maradhi yasiyotajwa, na cha nne kwa kumkumbusha kwamba marehemu baba yake hakupata kukataa chakula cha mtu. Akala. Alipokwisha kula, mwenyeji yule yule akamgusa ubavuni, akatutazama sote, akasema, "Mwalimu, naona kitambi kinabisha hodi tena!" Watu wakacheka, na aliyecheka kupita wote ni jirani yangu Bwana Frasila, ambaye tumbo lake wasomaji wa safu hii hawahitaji kusimuliwa.

Nalighadhibika. Kupunguza uzito ni kazi ya miezi. Kuuzuia usirudi ni kazi ya umri, na mwili wenyewe haukubali kusaidia. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake huko Marekani walitoa habari za watu 14 waliokonda mno katika shindano la televisheni, wakapimwa tena baada ya miaka sita: 13 kati yao walikuwa wamenenepa tena, na miili yao, hata katika kupumzika, ilikuwa ingali ikitumia kama kalori 500 kwa siku chini ya ilivyotazamiwa, mithili ya bahili aliyewahi kuibiwa. Na hao walishindana na miili yao tu. Mwalimu wetu anashindana na mwili wake, na fundi wake, na Adu nzima.

Sababu naijua. Katika nchi ambayo mvua zikikosa, kama zilivyokosa mwaka 2021 na 2022, watu hungoja mahindi ya msaada, unene huwa ni ushahidi wa neema na wembamba huwa ni tuhuma, na mkarimu huogopa kusemwa kuliko kumdhuru mgeni. Kwa hoja hiyo ningalimsamehe mwenyeji wetu, lau nilipotoka kwenda kunawa nisingaliwaona watoto waliosimama nyuma ya ua tangu adhuhuri, wakifukuzwa kwa kuti, wala hapana hata mmoja wao aliyeapiwa apokee kipande cha kwanza.