Anayesimulia naye atazamwe

Katika ngano za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870 kuna kima aliyealikwa na papa. Wako katikati ya bahari ndipo papa anapomfunulia kwamba sultani wao anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamwambia moyo wake ameuacha mtini, wakaufuate. Akishafika juu ya mti hashuki tena. Anamjibu papa kwa kisa kingine, cha punda wa dobi aliyeponea kwa simba mara ya kwanza, akadanganywa na sungura, akarudi mwenyewe kuliwa.

Visa hivyo viwili vina asili katika Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu karne ya 8. Hadithi inabeba hadithi, na kila msimulizi ana shabaha yake. Kima anasimulia ili apone. Muuza misamaha wa mshairi Mwingereza Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, anawafichulia mahujaji wenzake ujanja wake wote, anawapa kisa kikali cha vijana watatu waliouana kwa ajili ya dhahabu, kisha anawataka watoe fedha!

Toleo hili linaisoma njia ya misafara ya Tabora kwa jicho hilo.

Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara ambaye baba yake Muhammed bin Juma alikuwa na makazi Tabora, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, yakachapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Humo anaeleza jinsi alivyopata habari za wanawake wa ukoo wa mtawala Kasongo Rushie waliotekwa zamani, akajitangaza kuwa mjukuu wa mmoja wao. Mzee Kasongo alimsadiki, akamkabidhi nchi ya Utetera pamoja na pembe zake za ndovu. Ni hadithi ndani ya hadithi, na mwenyewe anaisimulia bila haya hata kidogo. Muuza misamaha angemtambua mara moja.

Kisa cha Snay bin Amir kinahitaji tahadhari zaidi. Huyu ndiye Mwarabu wa Kazeh, Tabora ya leo, aliyempokea msafiri Mwingereza Richard Burton mwaka 1857, miaka mingi kabla Burton hajatoa tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela. Baada ya Fundikira, mtemi wa huko, kufariki, mrithi wake Mnywa Sere aliwatoza wafanyabiashara ushuru wa bidhaa. Waarabu wakakataa, wakamng'oa, wakamsimika Mkasiwa, na vita vikazuka. Mwaka 1861 Snay aliuawa. Kwa maelezo ya msafiri mwingine, John Hanning Speke, ushindi ulikuwa umeshapatikana, ila watumwa wa Waarabu walishughulika na kupora. Adui akageuka, na Snay, kwa uzee wake, hakuweza kukimbia.

Speke hakuwapo vitani. Tamaa katika kisa chake wamebebeshwa watumwa, watu waliopelekwa kupigania ushuru ambao mabwana zao hawakutaka kuulipa. Kifo kinachosimuliwa kwa jina ni cha Snay. Watumwa waliokufa siku ile hawakutajwa kwa majina, na waliosalimika hawakuulizwa waliona nini.