AFYA YA JAMAA: Miguu yenye kuvimba na ganda la chungwa



Mama mmoja wa hapa Kolwezi alituuliza hivi: « Bwana yangu anatoka kazini, anavua bote, miguu yote mbili imevimba. Jirani ananiambia nichemshe maganda ya machungwa, anywe. Ni kweli ao ni uongo? »

Mama, kweli iko ndani, lakini haitoshi. Sikiliza vizuri.

Mahali panapovimba, mishipa midogo ya damu imelegea, na maji yanapita inje, yanakaa katika nyama. Pakiwa na kidonda ao kuumia, pataona moto, pekundu na maumivu pia. Kwa mtu anayesimama mchana kutwa, damu inachelewa kupanda, njo maana miguu inajaa mangaribi.

Katika mwaka wa 1936, mwalimu mmoja wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, pamoja na wenzake, waliona kwamba kitu fulani katika ndimu na pili-pili nyekundu kinasaidia mishipa inayovuja. Wakakiita vitamini P. Baadaye ilionekana kwamba si vitamini, jina likaachwa. Leo tunaviita flavonoidi. Viko katika miti na matunda mengi: hesperidini katika sehemu nyeupe ya ganda la chungwa, kwersetini katika kitunguu, zaidi kile chekundu.

Katika laboratwari, kwersetini inazuia vitu ambavyo mwili unatengeneza ili kuvimbisha. Miguu ya panya iliyovimbishwa kwa makusudi ilipungua. Lakini panya alipewa kipimo kikubwa, na tumbo la mtu linapokea kidogo tu ya kile anachokula.

Kule Ufaransa, waganga wanatoa vidonge vya diosmini na hesperidini kwa miguu mizito ya mishipa mibovu. Kidonge kimoja kina miligramu 500, na kawaida ni 2 kwa siku. Kikombe cha maji ya maganda hakiwezi kuwa sawa na vidonge hivyo. Na hata vidonge haviponyeshi moyo wala figo.

Basi mfanye hivi. Kuleni machungwa pamoja na nyeupe yake, vitunguu na mboga. Baba akirudi, alale kidogo na miguu juu ya mto, atembee, asisimame tu. Mfinye mguu kwa kidole gumba: shimo likibaki, maji yamejaa. Uvimbe ukipotea asubui, pengine ni kusimama tu. Lakini usipopotea, aende kupimwa.

Enda hospitali bila kungojea kesho kama:
- mguu mmoja tu umevimba kwa gafula na unauma;
- mtu anakosa pumzi;
- mama mwenye mimba anavimba uso na mikono, na kichwa kinamuuma;
- mtoto ana miguu iliyovimba, na nywele zinabadilika rangi: mara nyingi ni kukosa chakula chenye kujenga mwili.

Mama, jirani yako hakukudanganya kabisa. Mpe bwana yako chungwa, na asubui umusindikize kwa munganga. Chungwa ni chakula kizuri, lakini haliwezi kujua sababu ya kuvimba. Munganga ataitafuta.