Hewa Mbaya na Degedege: Tusilidharau Neno la Mgonjwa

Katika kituo kimoja wilayani Kilosa, mama mmoja aliyetoka upande wa Mikumi alifika na mtoto mwenye homa kali, viungo vikitetemeka. Alisema neno moja tu: degedege. Mhudumu kijana akatabasamu kwa dharau. “Sema malaria, mama,” akamsahihisha.

Lakini neno hilo tunalojivunia limetoka wapi? Waingereza walilichukua kwa Waitaliano katika karne ya 18. Kwa Kiitaliano, mala aria ni “hewa mbaya”. Mala limetokana na Kilatini malus, yaani -baya. Aria limepitia Kilatini hadi Kigiriki, ambako aer lilimaanisha ukungu na hewa. Watu wa Roma waliona kwamba wakaao karibu na vinamasi hushikwa na homa, kama mkazi wa bonde la Mkondoa aionavyo homa ikifuata mafuriko. Wakailaumu harufu ya maji yaliyotuama. Mwaka 1880 Alphonse Laveran aliviona vimelea katika damu ya mgonjwa nchini Algeria. Mwaka 1897 Ronald Ross aliviona ndani ya mbu nchini India. Hewa haikuwa na hatia, lakini jina limebaki.

Basi malaria nalo ni neno lililobeba kosa, sawa na degedege, ambalo wengi hulihusisha na ndege ampitiaye mtoto usiku. Hata hivyo, yote mawili yametokana na macho yaliyoona vizuri: Waitaliano waliona kinamasi, mama ameona mtikisiko. Kilichokosewa ni chanzo.

Na kosa hilo huua. Wapo wazazi wanaoamini kwamba mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, ilhali katika malaria kali sindano ya artesuneti huokoa maisha. Tukimcheka mama kwa neno lake, siku nyingine atampeleka mtoto kwingine kwanza, na saa za thamani zitapotea.

Wahudumu wenzangu, tulipokee neno, kisha tulifafanue: “Ndiyo, mama, ni degedege. Huweza kuletwa na malaria kali, au na ugonjwa mwingine. Tunampima na kumtibu sasa hivi.” Nanyi wazazi, litamkeni bila haya, ila litamkeni mapema, mkiwa mlangoni mwa zahanati.