Tahariri: Safari ya mzazi ianzie Ifakara

Msimu wa wazazi kuja kututembelea umekaribia. Kule Bonde la Kilombero mpunga ukishavunwa na barabara za vijijini zikikauka, huku Uswisi barua za mwaliko huanza kuandikwa. Mwenyeji huhangaika na viza miezi kadhaa: bima ya afya isiyopungua yuro 30,000, tiketi ya kurudi, uthibitisho wa mahali mgeni atakapolala. Viza ikishabandikwa kwenye pasipoti tunashukuru Mungu, tunatuma nauli, na safari yenyewe tunaiachia siku mbili za mwisho.

Msimamo wa jarida hili ni kwamba hapo ndipo tunapokosea kama jumuiya. Mzazi aliyeishi Mang'ula, Kibaoni au Mlimba maisha yake yote, ambaye hajawahi kuingia uwanja mkubwa wa ndege, anastahili kuandaliwa kwa safari kwa uzito uleule tulioupa viza. Viwanja hivi vimejengwa kwa ajili ya mtu anayesoma vibao, na vibao vyenyewe havijaandikwa kwa Kiswahili ukishatoka Afrika Mashariki.

Njia kati ya Ifakara na Basel si ngeni. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy alianzisha maabara ya utafiti Ifakara, ile ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na tangu hapo watu wamekuwa wakienda na kurudi. Lakini waliosafiri kwa njia hiyo walikuwa na taasisi nyuma yao, iliyowakatia tiketi na kumtuma mtu wa kuwapokea. Mama yako hana taasisi. Ana wewe.

Tuanze na njia ya bondeni, kwa sababu safari nyingi huharibika hata kabla ya Dar es Salaam. Tunaokumbuka foleni ya pantoni pale Mto Kilombero tunajua jinsi mambo yalivyobadilika. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa mwaka 2018, na anayetoka Mahenge au Malinyi hasubiri tena kivuko. Kilomita 66.9 za Kidatu hadi Ifakara zimewekwa lami. Hata hivyo Ifakara iko zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam, basi linapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi ambako mwendo ni wa taratibu, na wakati wa masika Mto Lumemo ukifurika mji wenyewe huingia maji. Usimpangie mzazi atoke Ifakara alfajiri ili apande ndege usiku wa siku hiyohiyo. Afike Dar siku moja kabla. Masika, siku mbili.

Reli ya kisasa imeleta nafuu kubwa. Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilianza kubeba abiria tarehe 14 Juni 2024, na safari ambayo kwa basi huweza kula saa nne hadi tano sasa inakwenda kwa chini ya saa mbili. Mzee anaweza kushuka Msamvu kwa basi la Ifakara, akachukua bajaji hadi stesheni ya Kihonda, na akapanda treni bila kuonja foleni ya Kibaha na Kimara. Tiketi inakatwa kwa kitambulisho, hivyo namba ya NIDA au pasipoti iwe karibu. Treni ya kawaida husimama Pugu. Kutoka Pugu mtu anafika uwanja wa ndege kwa barabara ya Gongo la Mboto bila kuingia mjini kabisa, na kwa mwenye mizigo hiyo ni faida kubwa.

Alale wapi Dar? Hapa undugu uheshimiwe lakini jiografia nayo isikilizwe. Shangazi wa Bunju atataka wageni walale kwake, na ni haki yake kutaka. Aombwe awe mwenyeji wakati wa kurudi. Usiku wa kuelekea safari, mzazi alale Kipawa, Ukonga, Vingunguti au Gongo la Mboto, mahali ambapo hata mvua ikinyesha kutwa nzima gari litafika uwanjani.

Sasa suala la saa, ambalo limewakosesha wengi ndege. Tiketi huandikwa kwa saa za Kizungu. Ikisema 03:45 tarehe 12, maana yake ni saa kumi kasorobo usiku, na usiku wenyewe ni ule wa kuamkia tarehe 12. Mzazi anatakiwa awe uwanjani usiku wa tarehe 11, kabla hata ya saa saba usiku, maana kaunta hutaka abiria muda wa saa tatu kabla ya ndege kuruka. Akiambiwa tu kwamba ndege ni tarehe 12 usiku, atakuja siku nzima baadaye, akiwa amevaa vizuri na ameaga kijiji kizima. Mwandikie kwa saa zetu, kwa maneno: ondoka nyumbani Jumanne saa tatu usiku. Kisha mpigie simu akusomee alichoandikiwa.

Dereva aambiwe Jengo la Tatu. Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere una zaidi ya jengo moja la abiria, na wengi wa wenyeji bado wakisikia uwanja wa ndege wanafikiria lile la mwaka 1984, lililobuniwa na Mfaransa Paul Andreu. Safari za nje siku hizi huondokea Jengo la Tatu, lililozinduliwa Agosti 2019 na kujengwa kwa ajili ya abiria milioni 6 kwa mwaka. Mlangoni huulizwa tiketi na pasipoti, na mizigo hupita kwenye mashine hapohapo kabla ya kufika kaunta. Kwa desturi yetu msafiri husindikizwa na Noah iliyojaa. Ni jambo jema, lakini wasindikizaji wafahamu kwamba mwisho wao ni mlango. Maombi yafanyike nje, karatasi zikabidhiwe nje, na mtoto wa dada mwenye simu ya kisasa asiondoke na pasipoti mfukoni mwake.

Wazee wetu wa kike hufunga fedha kwenye pindo la kanga. Wakati wa ukaguzi wataombwa kufungua, mbele ya watu, na wengine huliona hilo kuwa fedheha. Nunueni kimkoba cha kuvaa shingoni chenye nafasi ya pasipoti, fedha na karatasi, na aambiwe mapema kwamba ataombwa kukivua, kitapita kwenye mashine na atarudishiwa upande wa pili. Mkanda, viatu na saa huenda vikavuliwa pia. Akijua kwamba kila mtu anafanyiwa hivyo, hata waziri, hatafadhaika.

Jambo ambalo tungependa kila msomaji alishike zaidi ya yote ni msaada wa kiti cha magurudumu. Mashirika makubwa ya ndege hutoa huduma hii bila malipo, na hapa Ulaya ni haki ya kisheria: Kanuni namba 1107 ya mwaka 2006 inamlinda abiria ambaye mwendo wake umepunguzwa na ulemavu au na umri, mradi ombi litolewe angalau saa 48 kabla. Huhitaji kuwa mgonjwa. Ipo ngazi ya huduma kwa ajili ya mtu anayepanda ngazi mwenyewe ila hawezi mwendo mrefu, na wazee wetu wengi wanaingia humo. Mfanyakazi humpokea kaunta, humpitisha kwenye ukaguzi na uhamiaji, na humfikisha hadi mlango wa ndege. Kwenye uwanja wa kuunganisha ndege, mwingine humpokea. Kwa mtu asiyejua Kiingereza, huyo ndiye macho yake na masikio yake.

Tatizo ni kwamba wazazi hukataa. Mzee aliyelima ekari za mpunga hadi mwaka jana anaambiwa akae kwenye kiti asukumwe, naye anajibu kwamba yeye si mgonjwa. Tumesikia habari ya baba mmoja wa huko Mlimba aliyekataa kiti, akabaki amesimama mbele ya mlango usio wake katika uwanja mmoja wa kati, hadi jina lake lilipokwisha kuitwa. Hakuisikia sauti ile kama jina lake, kwa jinsi lilivyotamkwa. Ongea na mzazi wiki kadhaa kabla, kwa heshima, na umwombe akubali kwa ajili ya amani ya wanawe. Hapo wengi hukubali.

Kuhusu kuunganisha ndege, jarida hili linasema wazi: tiketi ya bei nafuu yenye muda wa saa moja ya kubadili ndege si tiketi ya kumkatia mzazi. Saa tatu ni za kutosha. Kama ni Doha, mweleze kwamba katikati ya uwanja ule kuna sanamu kubwa ya dubu wa njano mwenye taa kichwani, yenye urefu wa mita 7, kazi ya msanii wa Uswisi Urs Fischer. Hakuna anayepita bila kuiona. Akipotea, aende kwa dubu na amwonyeshe mfanyakazi yeyote karatasi yake. Mabegi makubwa asiyatafute njiani: ikiwa tiketi ni moja, huenda moja kwa moja hadi Zürich, na uthibitisho ni kile kijikaratasi cha mizigo alichopewa Dar.

Tofauti moja inawasumbua hata vijana. Anayepitia Doha, Istanbul au Addis Ababa ataulizwa maswali ya uhamiaji Zürich, na sisi tuko nje ya mlango tunamsubiri. Anayepitia Amsterdam anaingia eneo la Schengen hapohapo Amsterdam, na maswali yote ataulizwa huko, akiwa peke yake. Kwa mgeni wa mara ya kwanza, njia ya kwanza ni bora, hata kama bei imezidi kidogo. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kusajili wageni kwa picha ya uso na alama za vidole badala ya muhuri wa pasipoti. Mikono iliyoshika jembe miaka hamsini huwa imesuguliwa, na mashine inaweza kuhitaji kurudia. Asiogope, apake mafuta kidogo ndani ya ndege, na asubiri. Ofisa atauliza anakwenda kwa nani, atakaa muda gani, atarudi lini. Majibu yawe mafupi na ya kweli, na yawe yameandikwa kwa Kijerumani kwenye karatasi pamoja na namba yako ya simu. Viza ya kutembea haizidi siku 90 ndani ya siku 180, na mfumo huu mpya unazihesabu wenyewe.

Pale Zürich, ndege nyingi za mbali hufikia jengo lililojitenga, na abiria hupanda treni ndogo ya chini ya ardhi kwenda kuchukua mizigo. Ndani ya handaki husikika mlio wa kengele za ng'ombe. Mwambie mama kabla, atacheka badala ya kushtuka.

Mizigo. Tunaomba tuache kuwafanya wazazi wachukuzi wetu. Kilo kumi za mchele wa Kilombero hula karibu nusu ya begi la kilo 23, na mara nyingi mchele huo si wa mwanawe bali wa majirani wa mwanawe. Nyama, maziwa na samli kutoka nyumbani haziruhusiwi hata kidogo kuingia Uswisi na Umoja wa Ulaya. Hutupwa na faini inaweza kufuata. Kambare na perege waliokaushwa wanaruhusiwa, hadi kilo 20 kwa mtu. Ndizi na nanasi hazina shida, ila maembe yanadai cheti cha afya ya mimea. Asali ni kimiminika, iingie begi kubwa na si la mkononi. Powabanki kinyume chake. Na kifurushi cha mtu asiyejulikana kisipokelewe kamwe, hata kama aliyekileta anaongea Kipogoro au Kindamba safi na anamtaja marehemu babu kwa jina.

Kwa safari ya kurudi, mifuko ya plastiki ya dukani ibaki huku, kwani Tanzania iliipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Wale wetu wenye pasipoti ya Uswisi wanahitaji viza ya Tanzania kama wageni wengine. Atakayekaa zaidi ya saa 12 Addis Ababa au Nairobi awe na kadi ya homa ya manjano. Fedha zibadilishwe kuwa shilingi palepale uwanjani, maana tangu mwaka 2025 bidhaa na huduma nchini hazilipwi tena kwa fedha za kigeni.

Tunawaomba wanajumuiya mambo mawili kabla ya msimu huu. Wanaoishi karibu na uwanja wa Zürich, kule Kloten, na wana muda, wajiandikishe kwa katibu ili mzazi akifika wakati mwanawe yuko kazini apokelewe na mtu wa nyumbani. Na kila anayemwalika mzazi achukue kwa katibu karatasi ya safari tuliyoitayarisha, ya Kiswahili upande mmoja na Kijerumani na Kiingereza upande wa pili, aijaze kwa mkono wake na kuituma Ifakara mwezi mmoja kabla ya tarehe ya ndege.