Jahazi Lina Tajiri, Usukani Una Nahodha

Wazee wetu wa pwani walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Usemi huo umenijia mara nyingi tangu shughuli zangu ziliponileta huku Nyeri, Karatina na Nanyuki, ambako kila jioni vijana hufukuzana na mpira katika baridi ya Mlima Kenya.

Desturi niliyoiona katika miji hii, na ambayo hata kwetu Mombasa na Malindi si ngeni, ni kwamba aliyenunua jezi ndiye apangaye timu. Mfadhili akitoa mipira miwili na nauli, mpwawe hakosi namba. Mwenyekiti ana wake, katibu naye ana wake. Kocha, ambaye mara nyingi ni mwalimu wa shule asiyelipwa hata senti, hubaki kusoma majina aliyoandikiwa. Timu ikifungwa, ndiye afukuzwaye.

Wako waniambiao kuwa mwenye mali ndiye mwenye kauli. Siwakatalii moja kwa moja. Tajiri wa jahazi ana haki ya kusema shehena iende Lamu au Unguja, ana haki ya kuuliza hesabu, na nahodha asipomridhisha, amwachishe safari ikiisha. Lakini bahari ikichafuka hamnyang'anyi usukani, wala hampakilii mabaharia wasiojua kutweka tanga.

Na mpira uwe hivyo hivyo. Fedha na mikataba ni ya kamati. Katika kusajili mchezaji mpya, na wakae pamoja: kocha aseme amtaka nani, kamati iseme mfuko waweza nini, wala asiletwe mtu ambaye kocha amemkataa. Ama nani acheze leo na nani akae benchi, hilo ni la kocha peke yake.

Mtasema kocha naye ni binadamu, ana jamaa zake. Kweli. Lakini mkono mmoja ukichagua, lawama ina pa kwenda; mikono saba ikichagua, lawama haina mwenyewe.

Nyeri hii ndiyo iliyomlea Catherine Ndereba, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2003 na 2007, na mshindi wa Boston mara 4. Mwanariadha ana bahati, kwani saa haina mjomba. Mchezaji mpira hutegemea jicho la mtu, basi na liwe jicho la yule amwonaye mazoezini kila siku.

Mwaka 2006 Bernard Lama, kipa aliyekuwemo katika kikosi cha Ufaransa kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 1998, alikuja kuifundisha Harambee Stars. Hakukaa ila miezi michache, akaondoka akilalamikia jinsi mambo yalivyoendeshwa. Ikiwa mtu wa sifa hizo hakustahimili, mwalimu wa Karatina atafanya nini?

Mwaka 2023 Murang'a SEAL ilipanda ligi kuu ya Kenya, na vijana wa mlimani wakaona kuwa njia ipo. Mtoto wa muuza mboga wa Majengo, asiye na mjomba katika kamati, naye ameiona. Tusimfungie. Mfadhili, toa jezi na mipira, Mungu akulipe. Karatasi ya majina mwachie kocha.