Nionyeshe jogoo kwanza

Wadau, leo tuweke siasa pembeni, tuongee mayai. Najua kuna watakaocheka. Chekeni tu, mwenzenu yameshanikuta.

Shangazi yangu wa Tabata ana tetea mmoja hodari wa kulea. Tatizo jogoo wa pale nyumbani aliliwa sikukuu (na mimi nilikuwepo mezani, sikatai). Tetea alipoanza kung'ang'ania kiota, shangazi akanipigia: "Baba, ukitoka kazini nitafutie mayai 12 ya kienyeji nimwekee huyu." Nikapita kwa jamaa mmoja barabarani. "Kienyeji halisi hayo, bosi." Bei juu kuliko ya kisasa. Nikalipa bila swali.

Siku ya 21, kimya. Siku ya 24 shangazi akaanza kupasua moja baada ya jingine. Yote 12 ni ute na kiini, hakuna hata uzi mmoja wa damu. Yaani si kwamba vifaranga walifia ndani, hawakuwahi kuwemo. Yangekuwa mawili matatu ningesema bahati mbaya. Lakini 12 kwa 12? Kuku waliotaga yale mayai hawakuwa na jogoo, basi.

Na yule tetea wiki zote tatu alikuwa anashuka mara moja kwa siku, anadonoa haraka haraka, anarudi. Kakonda, na muda wote huo hakutaga. Shangazi akaniambia "haya baba, ndiyo hivyo". Afadhali angenigombeza.

Kinachoniuma ni hiki. Kazini nikiambiwa jambo na mkubwa nauliza ushahidi uko wapi. Kwa muuza mayai nikaridhika na neno "kienyeji", neno ambalo halisemi lolote kuhusu jogoo. Rangi ya ganda nayo haisemi. Ile ya kutumbukiza yai kwenye maji ndiyo kabisa: likielea maana yake limekaa siku nyingi, hewa imeongezeka ndani. Yai bichi lisilo na mbegu linazama vizuri tu.

Ukweli ni kwamba yai ambalo halijaatamiwa huwezi kulijua kwa nje. Labda upasue moja la mfano (kisha ulikaange, usilitupe) utazame kidoa cheupe juu ya kiini. Lenye mbegu, kidoa kina duara kama pete. Lisilo nayo, ni kidoa kidogo kilichojaa, kingo zake hazieleweki. Vinginevyo subiri siku ya saba, usiku, taa zimezimwa, uliweke yai juu ya tochi ya simu. Lenye uhai lina mishipa myekundu imetambaa kama miguu ya buibui. Lisilo na kitu linang'aa tupu. Ukiona pete ya damu tu, kifaranga alianza akafa. Simu ninayo, tochi ninayo, digrii ninayo, na wiki tatu nzima sikumulika hata yai moja!

Kuna watakaosema mayai 12 makelele ya nini. Kwangu ni hela ya vocha. Ila kuna nyumba ambayo tetea mmoja ndiye madaftari ya watoto, na pale mwezi mzima umekwenda na maji. Ndiyo maana naona yai la kula na yai la kuatamiza ni bidhaa mbili tofauti, na anayeuza anajua yametoka banda gani. Aseme. Na sisi tunaonunua tuulize jogoo yuko wapi, ikibidi tuonyeshwe.

Jumamosi nilirudi kwa yule jamaa. Nikamuuliza, kuku wako wana jogoo? Akacheka mpaka akashika meza. "Sasa bosi, si ungesema ni ya kuatamiza! Mimi nilijua unaenda kukaanga."

Nikakosa jibu. Nusu ana haki. Ile nusu nyingine bado namdai.